Mpaka Mngoni Aseme Basi

Mihayo Kapufi alikuwa kaburini mwezi wa tano siku aliponitania kwa mara ya kwanza, na papo hapo nikajua kuna kitu nimekiharibu.

Tulikuwa Nyanda, upande wa visima, tukirekodi. Nasema tulikuwa Nyanda kwa kuzoea tu. Mwili wangu ulikuwa kitini ndani ya ghala la zamani la tumbaku hapa Tabora mjini, kofia ya kuingilia mchezoni imenibana kichwa, glavu zimenitoa jasho, na fundi wetu Lusajo alikuwa pembeni anatafuna karanga na kulalamikia joto utadhani mimi ndiye ninayelileta. Lakini macho yangu na kamera yangu vilikuwa kule. Nyasi zilikuwa zimetulia, mwanga unakuja kwa upande kama ninavyoupenda, na hakukuwa na mchezaji hata mmoja karibu. Hiyo ni bahati kubwa, kwa sababu Nyanda ilitengenezwa ili watu wakapigane na mazimwi na kunyang'anyana dhahabu, si ili mwanamke wa umri wangu akarekodi filamu ya mtu anayetembea taratibu kwenda kuchota maji. Sihesabu tena mara nilizoharibiwa kipande kizuri na mjinga wa nchi ya mbali aliyekatiza mbele ya kamera amepanda simba wa moto.

"Mihayo," nikasema, "nenda kisimani, simama, tupe mgongo. Kipande cha mwisho hiki, usinichezee."

Umbo lake lilikuwa limechuchumaa juu ya jiwe. Lilijikuna shingo vilevile alivyokuwa akijikuna yeye, likanyanyuka.

"Sawa, mkimbizi," likasema. "Mlikimbia kutoka kusini mpaka miguu ikawaishia, leo mmefika mnatuamrisha wenye nchi."

Lusajo akaacha kutafuna.

Mimi ni Generoza Mbano, Mngoni wa Songea, na Mihayo alikuwa Mnyamwezi wa Uyui, kwa hiyo tulikuwa watani kabla hata hatujazaliwa. Nilimtania kila siku ya Mungu katika miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Nilimwita mpagazi, nikambebesha mabegi yangu, nikamuuliza zile pembe za ndovu alizishusha wapi. Hakuwahi kunijibu. Alikuwa akitabasamu kwa shavu moja, anabeba begi, anakwenda zake. Mtu mkimya namna ile sijaona mwingine, na ukimya huo ndio uliowafanya watu wa miji ambayo sitafika kamwe waziangalie filamu zetu. Alikuwa anaweza kusimama Nyanda muda mrefu bila kufanya lolote, na wewe unayeangalia ukaona huzuni yake yote mgongoni.

Na sasa alikuwa ananitania. Tena kwa maneno yangu mwenyewe, niliyoyatunga mimi siku ya mazishi yake.

*

Alianguka akiwa kazini. Tulikuwa kwenye kipande hikihiki cha kisimani, ameshatupa mgongo, ameshatulia, na mimi nazuia pumzi kwa jinsi kilivyokuwa kinakwenda vizuri, mara nikasikia kishindo ghalani. Nilivua kofia nikamkuta sakafuni, kofia yake ingali kichwani. Mshipa ulipasuka ndani ya kichwa, ndivyo walivyoniambia hospitalini, na Lusajo alikuwa bado anatafuta mahali pa kuegesha gari wakati wananiambia.

Msibani nilifanya kazi ya mtani. Nilivaa shati lake, nikatembea kwa mwendo wake wa kuburuta kisigino, nikakaa kwenye udongo wa kaburi nikasema jeneza halishuki mpaka nipewe kuku. Nilimwigiza analalamikia chai baridi. Nilimwigiza ananijibu utani ambao hakuwahi kunijibu, na watu wakacheka huku wanalia, maana wote walimjua. Kisha nikafanya kubwa kuliko yote: nikaenda nikapiga magoti mbele ya mama yake, Bi Kalunde, nikasema kwa sauti ya mwanawe, "Mama yangu mzazi, umekula?"

Palilipuka kicheko mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe chini. Kila mtu pale alijua kwamba Mihayo na mama yake walikuwa hawasemezani zaidi ya salamu. Mihayo alikuwa mwalimu wa hisabati, akaacha ualimu aje kuigiza kwenye mchezo, na Bi Kalunde akamwambia mbele ya ndugu, "Hiyo siyo kazi. Rudi siku utakayokuwa na kazi." Hakurudi. Bi Kalunde naye alicheka siku ile, akanipa kuku.

Baada ya matanga aliomba aone mahali mwanawe alipofia. Nilimleta ghalani, Lusajo akawasha kioo kikubwa cha ukutani, na wote watatu tukamwona Mihayo amesimama kisimani, mgongo kwetu, vilevile tulivyomwacha.

Ilibidi nimweleze mama wa watu. Kila anayeingia Nyanda anakuwa na umbo, na umbo linamsoma mwenyewe, anavyotembea, anavyojibu, anavyonyamaza. Mwenyewe akitoka kwenda kulala au kazini, umbo linaendelea kuishi kwa mazoea hayo, lipalilie shamba lake lisije likafa. Wengi wanasema ni ujanja wa biashara, lakini ukikaa nalo karibu husemi hivyo.

"Mbona hapalilii?" akauliza Bi Kalunde. "Mbona amesimama?"

Kwa sababu sikuwa nimesema basi. Hiyo ndiyo sheria pekee tuliyo nayo sisi tunaorekodi Nyanda: ukishaanza kipande, huachi kuigiza mpaka mwongozaji aseme basi. Wengine waliishika kwa kuibia, Mihayo aliishika yote. Unasikia kila kitu, alikuwa akisema, ila hupo. Siku moja Lusajo alishikwa na njaa akapaza sauti "basi" mimi nikiwa nje naongea na simu. Wote waliacha, Mihayo alibaki amesimama peke yake mpaka niliporudi. Alikuwa anangoja sauti yangu.

Nilivuta maiki. Kale kataa, taa ndogo ya pembeni yake, kakawaka kijani, maana yake umbo linasikia. Nikasema kama ninavyosema kila jioni ya kazi, "Haya wapagazi, mmeniua leo. Basi."

Mihayo akashusha mabega, akageuka. Bi Kalunde alitoa mguno ambao sitaki kuusikia tena, akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

Tangu hapo alikuwa anakuja karibu kila siku, na kikapu cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa mpaka vinavutika mdomoni. Alikuwa anakaa mbele ya kioo anamwangalia mwanawe anapalilia, anajikuna shingo, analala. Alikuwa anamsalimu kwenye maiki, "Mwangaluka, baba," na Mihayo anaitikia salamu, kisha ananyamaza, na mama naye machozi yanamtoka. Mimi siwezi kukaa na mama wa mtu analia nikanyamaza. Nilikuwa naingilia.

"Mwigize, mtani," alikuwa akiniambia. "Mwigize mwanangu nicheke kidogo."

Nami namwigiza, hapohapo, maiki ikiwa wazi. Matanga yalikwisha Uyui, sisi tukawa tunayaendeleza ghalani.

*

"Njoo uone," Lusajo akaniambia kesho yake baada ya Mihayo kuniita mkimbizi. Hakuwa anakula chochote, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi.

Alikuwa amefungua mistari miwili kwenye kioo. Mmoja ulikuwa wa maneno ya Mihayo mwenyewe alipokuwa hai, mwingine wa maneno ya umbo mwezi huu. Haikufanana. Alinichezea sauti yangu nikimwigiza Mihayo, na mstari wake ukakaa juu ya ule wa pili, barabara.

"Nyanda haitambui koo," akasema. "Watu wanaingia wana mafua, wana maiki mbovu, wengine wamenunua sauti za madubu. Kwa hiyo wenye mchezo waliifanya imtambue mtu kwa mwendo wa maneno yake. Anapumzika wapi, neno gani analirudia, anavuta pumzi vipi kabla ya kujibu. Wewe dada umemwigiza marehemu vizuri mno. Kila ulipomwigiza, umbo liliona mwenyewe amerudi. Likakaa kujifunza."

"Kiasi gani?"

"Kujikuna shingo bado ni kwake. Kulima ni kwake." Akaangalia pembeni. "Kuongea kote ni kwako."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia ule mstari wake ni wa kuchorwa. Halafu nikakumbuka kwamba wiki kadhaa nyuma Bi Kalunde alinipokea mlangoni anatetemeka kwa furaha kwamba Mihayo amemuuliza, mwenyewe, bila kuombwa, "Mama yangu mzazi, umekula?" Nilikuwa nimefurahi pamoja naye. Nilijiambia labda lilikuwa ndani yake siku zote, kifo kimelitoa. Upumbavu wa mtu mwenye huzuni hauna mpaka, na wangu ulikuwa umevuka hata huo.

Tuliwaandikia wenye Nyanda. Wenye Nyanda ni kampuni ya mbali, na mtu wa kuongea naye hayupo, kuna mashine yenye adabu kupita kiasi. Ilitupa pole ya msiba mara tatu. Ikasema nakala ya mwisho ambayo Mihayo mwenyewe alikuwemo bado ipo, ya tarehe ile aliyoanguka, lakini nakala za waliofariki zinafutwa baada ya muda na yake itafutwa Jumamosi. Ikitakiwa irudishwe, itarudishwa mara moja tu, na umbo lililoharibika litafutwa. Mrithi atoe ruhusa kwa kinywa chake. Na ili uharibifu usitokee tena, sauti iliyoharibu itafungiwa umbo hilo milele, hata ikiwa imerekodiwa, hata ikisemwa na kinywa cha mtu mwingine, na mtu huyo akikamatwa anaisema, sauti zake zote zitafungwa pamoja nayo.

"Yaani hutaongea naye tena," Lusajo akasema.

"Nimesikia."

Mrithi alikuwa Bi Kalunde, na mrithi hajui lolote. Nikaondoka, nikatembea hadi stesheni ya reli na kurudi, na joto lote lile.

Niseme ukweli, kwa sababu nisiposema hapa sina pa kusema. Nilikuwa nataka kipande changu. Filamu nzima ilikuwa imekamilika isipokuwa ule mgongo kisimani, na umbo lililokuwepo sasa halikuwa linaweza kunyamaza, kila nikiliweka pale lilikuwa linapiga soga. Mihayo wa kweli angenipa mgongo ule hata bila sauti yangu. Nilikuwa pia namtaka Mihayo mwenyewe, rafiki yangu, asifutike kabisa duniani na mahali pake akabaki kikaragosi nilichokitengeneza kwa mzaha. Na upande mwingine alikuwa amekaa mama mmoja ambaye kwa mara ya kwanza tangu mwanawe awe mtu mzima anaulizwa kama amekula. Nikinyamaza, Jumamosi itapita, atabaki na mtoto mwenye upendo, nami nitabaki najua ni nani. Nikisema, nitakuwa nimemwua huyo mtoto ili nipate picha yangu. Niligeuza huku na huku, kila upande ulikuwa na mtu wa kuumia.

*

Nilimwambia Ijumaa. Alikuwa ameshika maiki, kataa kijani, anacheka peke yake.

"Nimekula, baba," alikuwa anasema. "Nimekula ugali na mlenda. Wewe je, huko mnakula nini?"

"Tunakula hewa, mama yangu mzazi," Mihayo akajibu kwenye kioo. "Hewa ya bure, na Mngoni anataka atuuzie."

Nilizima maiki. Nikapiga magoti kama nilivyopiga kaburini, ila safari hii kwa sauti yangu, nikamweleza yote. Nilimweleza mistari ya Lusajo. Nilimweleza kuhusu nakala. Nilimsomea masharti ya kampuni mpaka mwisho, pamoja na lile la sauti kufungwa, naye akawa anaitikia "enhe, enhe" kama mtu anayesomewa habari za jirani. Kwenye kioo Mihayo aliendelea kuchimba tuta.

Alifunika kikapu chake cha matobolwa, akakisogeza pembeni.

"Juzi nilimwomba msamaha," akasema hatimaye. "Wewe hukuwepo. Nilimwambia lile neno nililomwambia kuhusu kazi yake, nililisema kwa hasira, linanikaba. Akanijibu, 'Yameisha, mama yangu. Hayo yameisha.'" Akaniangalia. "Huyo aliyenijibu alikuwa nani?"

Lile neno, yameisha, mimi hulisema mara mia kwa siku, uliza mtu yeyote.

"Kwa hiyo nimemwomba msamaha Mngoni," akasema. "Na Mngoni akanisamehe bila kuwa na habari."

"Nisamehe, mama."

"Ngoja kwanza." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Huyo wa kwenye nakala, huyo ndiye wangu mimi?"

"Ndiye. Lakini mama, huyo hatakuuliza kama umekula. Ataitikia salamu, atanyamaza. Unamjua."

"Kumjua? Nimemzaa." Alitazama kioo, kijana wake akiwa anasemezana na jembe. "Nirudishie. Hata akininunia. Kununiwa na Mihayo nimeshazoea, kupendwa na Mngoni sijazoea. Nataka neno langu alisikie yeye. Akikataa, akatae yeye."

Sikumwambia kuhusu kipande changu. Nilijitetea moyoni kwamba hakuniuliza.

*

Jumamosi asubuhi alikuja amevaa gauni la kanisani. Lusajo alikuwa amefagia ghala zima, jambo ambalo sijaliona tangu nimjue. Aliweka maiki mbele ya Bi Kalunde, mashine ikamuuliza kwa adabu zake kama anakubali, akajibu, "Nakubali, mimi Kalunde, mama yake."

Kioo kikawa cheusi. Kikarudi.

Alikuwa kisimani. Mgongo kwetu, mikono imelegea pembeni, kichwa kimeinama kidogo upande wa kulia, na nyasi za Nyanda zinayumba nyuma yake. Mzuri jamani. Kwa muda mfupi sana nilikuwa mwongozaji tu, na nilimwashiria Lusajo kwa kidole kimoja, naye akawasha kamera.

"Mwangaluka, baba," akasema Bi Kalunde. Kataa kalikuwa kijani. "Mihayo. Ni mama yako."

Hakuitikia.

"Mihayo, geuka kidogo. Nina neno."

Nilijua kabla Lusajo hajanigeukia. Ile nakala ilikuwa ya tarehe aliyoanguka, na sisi tukasoma tarehe, tukaona imetosha. Hakuna aliyeuliza ni saa ngapi ya tarehe hiyo. Mihayo alitoka mchezoni akiwa katikati ya kipande. Kwake yeye hatujaenda hospitali, hatujamzika. Bado tunarekodi.

"Anaigiza," Lusajo akasema taratibu. "Anangoja."

Nilivuta maiki. "Haya wapagazi, mmeniua leo. Basi." Kataa kakawa kekundu kabla sijafika neno la pili, na Mihayo hakutikisika hata unywele. Nikarudia kwa kunong'ona, nikarudia kwa ukali, nikabadilisha sauti mpaka koo likakwaruza. Nyekundu. Mlango ulikuwa umenifungia kama kampuni ilivyoahidi, na mimi ndiye niliyeyasoma masharti.

"Basi," akasema Lusajo. Kataa kalikuwa kijani kwake, lakini kwa Mihayo neno la Lusajo halijawahi kuwa kitu.

"Basi, baba," akasema Bi Kalunde. "Kazi imekwisha, geuka." Kijani. Hakugeuka. Nikamkumbuka amesimama pale siku zote za matanga, wiki nzima na zaidi, bila kusogeza mguu.

"Mwambie hivihivi, mama," nikasema. "Neno lako mwambie hivihivi. Anasikia. Akiigiza anasikia kila kitu, ila hajibu."

"Siombi msamaha mgongoni mwa mtu," akasema. "Nataka uso wake. Kumbe anachongoja ni wewe tu?"

"Mimi tu."

Akasimama. Alivua kanga ya mabegani akaifunga kiunoni kama ninavyofunga sweta langu. Akachukua kofia yangu ya jua mezani akaivaa upande. Akaweka mkono kiunoni, akatoa tumbo mbele, akavuta pumzi kwa pua kwa ule mvuto wangu ambao sikujua kama ninao mpaka nilipouona kwake. Nilicheka. Namwambia kila mtu kwamba nilicheka, kwa sababu ndiyo kweli. Ilikuwa ni mimi mtupu, mwanamke mzima wa Uyui amekuwa Mngoni mbele ya macho yangu, na Lusajo naye alicheka mpaka akashika meza. Miezi yote ile nilikuwa namwigiza mtoto wake, na yeye alikuwa amekaa kwenye kile kiti ananisoma mimi.

Kicheko hicho ndicho kilichonichelewesha. Nilipokumbuka kwamba mlango haujali koo, kwamba anayeweza kuwa mimi kiasi cha kumgeuza Mihayo atakuwa mimi kiasi cha kufungiwa, alikuwa ameshainamia maiki.

"Mama, usi—"

"Haya wapagazi," akasema Bi Kalunde, "mmeniua leo. Basi."

Nyekundu.

Maandishi yakaja chini ya kioo, ya adabu, yakitoa pole kwa usumbufu. Sauti iliyozuiliwa imetambuliwa. Msemaji amefungiwa umbo hili, sauti zake zote.

Lusajo aliyasoma kwa sauti kisha akatamani asingeyasoma, niliona usoni. Bi Kalunde alivua kofia yangu, akairudisha mezani mahali pake. Akafungua kanga kiunoni. Akainama tena kwenye maiki, taratibu sasa, kwa sauti yake yeye mwenyewe.

"Mihayo. Baba."

Nyekundu.

"Nilikosea, baba. Lile neno."

Nyekundu. Lusajo alijaribu kuchomoa nyaya na kuzichomeka upya, akawasha mashine nyingine, akaiandikia kampuni, ikampa pole. Nilimwambia Bi Kalunde kwamba tutajaribu, tutatafuta mtu, tutapeleka malalamiko. Mdomo wangu ulikuwa unaendelea tu. Alikuwa hanisikilizi. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kikapu mapajani, anautazama ule mgongo.

"Nilipokuwa namwita mwanzo," akasema, "alisikia?"

"Alisikia."

"Alisikia naita tu. Sikumwambia kitu."

"Ulimwambia una neno."

"Enhe." Akatikisa kichwa. "Atakuwa analingoja na hilo."

Tulikaa. Kwenye kioo upepo ulipita, ukatikisa shati lake kidogo, ukaacha. Hakuna mchezaji aliyekatiza, hakuna simba wala zimwi, na mwanga ukawa unahama polepole kutoka bega moja kwenda jingine. Katika miaka yangu yote ya kazi sijawahi kupata kipande kama kile, na nilikuwa nakichukia kila kilivyozidi kuwa kizuri.

"Dada," Lusajo akaniita. "Kamera bado inarekodi. Nizime?"

Ilikuwa ni mimi wa kusema. Nilifungua mdomo.

"Usizime," akasema Bi Kalunde. "Mwache. Mwanangu yuko kazini."

Alilisema hilo mbele ya maiki, na kataa kakabaki kekundu.